Kurasa Nilizozibana kwa Pini

Lina mwanangu,

Umekwenda Mutuka kumuaga bibi yako, na mimi nimefunga duka saa nane mchana, siku ya kazi, nikarudi nyumbani, mpaka jirani wa duka la mbolea amenifuata kuuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hakuna msiba, naandika barua. Akauliza naandikia nani. Nikamwambia naandikia Lina. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mama Lina, si mtoto yuko hapa hapa mpaka kesho? Si umwambie tu?" Nikamwambia aende akauze mbolea yake.

Uliniomba kitu kimoja tu. Tangu mwalimu mkuu wa shule yako mpya huko Kibondo alipokupigia simu, akasema kuna chumba cha vitabu hakina mtu, na kwa kuwa wewe ni mgeni na bado kijana mzigo huo ni wako, umekuwa ukinifuata humu ndani: "Mama, niandikie orodha. Vitabu vipya vya watoto wadogo, na vya hawa wakubwa wa darasa la sita na la saba. Wewe ndiye unayevijua." Ni kweli, navijua. Zaidi ya miaka ishirini nauza madaftari na vitabu hapa Bagara, Babati, na hakuna kitabu cha hadithi kilichoingia dukani kwangu nisikisome kwanza. Orodha hiyo ingenichukua nusu saa. Sasa inakaribia saa kumi na sijaandika hata jina moja, kwa sababu kila nikianza nafika kwenye kitabu kimoja na mkono unagoma.

Mambo ya chandarua, sweta na kutonunua mayai ya dirishani huko stendi ya Singida nimeshakuambia, na umeshanijibu "sawa mama" mara kumi, kwa hiyo hayo yaishe. Hapa nataka kusema jambo jingine. Naogopa, Lina. Mji huu unanijua kwa mdomo. Vijana wa bodaboda wakiniona nafungua mlango wanasogeza pikipiki zao kabla sijasema neno. Lakini leo niko kama mtu aliyeitwa polisi, na si kwa sababu ya barabara wala ugeni wa huko unakokwenda. Naogopa swali moja nililoshindwa kukuuliza kwa miaka kumi.

Ngoja nianze na vitabu vilivyo rahisi, labda nitapata nguvu.

Viko kwenye lile boksi ambalo baba yako amelifunga kamba utadhani ndani kuna beberu. Majina utayaona mwenyewe kwenye majalada. Juu kabisa kuna kitabu chembamba cha picha, kipya, kimetoka juzi juzi tu, kinamhusu mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa choo cha shule. Ndiyo, choo. Nilipokisoma nilicheka peke yangu dukani, halafu nikakukumbuka wewe. Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa unabana mkojo tangu asubuhi mpaka mchana kwa kuogopa lile shimo, na kila siku ulikuwa unafika nyumbani umelowa. Mimi nilikuwa nakusema mbele za watu, "Mtoto mkubwa huyu, haoni aibu!" Hukuwahi kuniambia unaogopa shimo, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Niliona nguo zimelowa na nikatosheka na hasira zangu. Kitabu hicho wasomee wadogo siku ya kwanza kabisa, na usicheke kabla wao hawajacheka.

Kipo cha watoto wawili ambao baba yao alikwenda machimboni kutafuta mawe ya thamani, akakaa mpaka wakasahau sauti yake. Hicho mpe mtoto wa miaka kumi hivi. Mwandishi wake hajamrudisha baba kwa nguvu ili watu wafurahi, na kwa hilo nampenda. Kuna bibi mmoja wa hapa mjini aliwanunulia wajukuu wake, akarudi baada ya wiki akaniambia, "Mama Lina, wamenisomea mimi. Nimelia mpaka uji ukaungua." Mimi najua mwanawe yuko wapi, kwa hiyo sikuuliza. Hapo angalau kunyamaza kwangu kulikuwa adabu.

Cha katuni, cha yule msichana fundi pikipiki, usikifungie kabatini eti kisichafuke. Kitachakaa mapema, kitatoka jalada, na hiyo ndiyo kazi yake. Wale watoto wanaokaa nyuma kabisa na kusema hawapendi kusoma, wakabidhi hicho halafu ondoka, usisimame juu ya vichwa vyao. Na tafadhali, mwanangu, nakuomba kama mzazi: mtoto akimaliza hadithi usimrukie na "tumejifunza nini?" Najua chuoni wamewafundisha hivyo. Mimi nami nilikuwa nakuuliza hivyo kila kitabu, na wewe ulikuwa unajibu "tumejifunza kuwatii wazazi" hata kama hadithi ilikuwa ya fisi. Ulishajua ninachotaka kusikia. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwamba ulijifunza mapema sana ninachotaka kusikia.

Haya. Kitabu cha chini kabisa, kile chenye jalada la kijani, si kipya tena. Kilikuwa kipya ulipokuwa darasa la saba.

Unakumbuka wazazi wa hapa walivyo. Mzazi anaingia dukani na karatasi ya shule mkononi, ananunua vitabu vya kiada, na ukimwonyesha cha hadithi anauliza, "Hiki kinakuja kwenye mtihani?" Ili niviuze, nilijitafutia jina. Niliwaambia, mimi navisoma vyote kwanza, mtoto wako hatakutana na upuuzi. Na nilipokuta ukurasa ambao niliona haufai, nilichukua stepla nikaubana. Pini tatu pembeni, wakati mwingine nne. Mapenzi, nilibana. Hedhi, nilibana. Mtu mzima anayemfanyia mtoto jambo baya, hapo nilibana kwa pini sita. Kina mama wa jumuiya walinisifu mpaka nikavimba kichwa. "Vitabu vya Mama Lina ni salama." Nilikuwa natembea barabarani nikijiona mlinzi wa watoto wa Babati wote.

Kitabu cha kijani kilikuwa na pini sita.

Mwaka ule tulikuwa na mpangaji chumba cha uani, yule mwalimu wa tuisheni. Simtaji jina, halistahili wino. Alikuwa mpole, anaamkia wakubwa, anabeba ndoo za watu. Watoto wa darasa la saba mtaa mzima walikuwa wanakuja kwake jioni, na mimi nilijisifu kwamba mwanangu hata geti havuki, mwalimu yuko nyumbani. Nilikuwa nampelekea chai, Lina, nikiibeba kwa mikono yangu hii.

Ulikuja dukani siku moja baada ya shule, na kitabu hicho umekikumbatia. Nilikuwa natoa kopi za mtu wa ofisini na mashine ilikuwa imekwama, nimekasirika. Ukasema, "Mama, kwa nini hapa pamebanwa?"

"Kwa sababu hapakuhusu. Ruka, endelea mbele."

"Nimeruka. Lakini mwanzoni yule msichana anaogopa kwenda kwa mwalimu, halafu ukiruka hapa ameshahama shule na yuko kwa shangazi yake. Katikati alimwambia nani?"

Nikakwambia mtihani hautauliza hilo.

Ukasimama. Nakumbuka ulisimama pale kwenye kona ya maboksi ya chaki, kwa muda mrefu kuliko kawaida, na yule mtu wa ofisini akawa anakutazama. Ukasema tena, kwa sauti ndogo, "Mimi nataka kujua tu alimwambia nani."

"Nenda kasome hesabu!" Hayo ndiyo maneno yangu. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, halafu wakiuliza tunawafukuza.

Wiki iliyofuata ukaanza kutoroka tuisheni. Ulikuwa unakwenda Mutuka kwa bibi yako kwa miguu, unarudi giza linaingia. Nami nikafanya nini? Nilikuchapa. Nilikuchapa kwa mkanda wa baba yako, halafu nikakushika mkono nikakuvusha ua mpaka mlangoni kwa yule mtu, nikasema mbele yako, "Mwalimu, huyu nimekukabidhi. Akileta mchezo mchape, usiniulize." Akacheka, akasema, "Usijali, Mama Lina." Wewe hukulia. Uliniangalia mara moja, ukaingia. Miaka kumi nauona uso ule. Nikiwa nahesabu madaftari nauona, nikiwa kanisani nauona.

Haukupita mwezi, mama yake Fausta, yule rafiki yako mliyekaa dawati moja, akaingia uani kwetu asubuhi akipiga kelele bila viatu. Mpangaji alikuwa ameshaondoka, ameacha kitanda na ndoo. Polisi walimtafuta, wakasema wanafuatilia, na mpaka leo wanafuatilia. Fausta alipelekwa kwa ndugu zake huko Dareda, hakufanya mtihani. Nilisimama na wale kina mama, nikalaani, nikalia nao, huku nikiwaza jambo moja tu: wewe.

Nikaja kukuuliza. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana unakwenda kuwa mwalimu. Nilikuuliza jikoni. Nilikuwa nasonga ugali, nimekupa mgongo. Nikasema, "Wewe hakukufanya kitu, eti?"

Sikiliza swali hilo, Lina. Jibu nililiweka mdomoni mwako mwenyewe. Mtoto aliyezoea kunijibu "tumejifunza kuwatii wazazi" angejibu nini? Ukasema, "Hapana, mama." Nikasema Mungu ni mwema, nikakupa sahani. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia, nilimuuliza, akasema hapana. Uongo. Sikukuuliza. Nilikuomba uniondolee hofu, nawe ukaniondolea, mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Usiku ule, mlipolala, nilichukua kisu nikazing'oa zile pini sita. Zilikuwa kurasa nane tu. Sijui nilitegemea kukuta nini, matusi labda. Hamna hata neno moja chafu. Msichana anamwambia mama yake, mama anamwambia asimsingizie mwalimu. Anakaa siku tatu bila kula vizuri. Halafu anakwenda kwa shangazi yake, anayeuza vitunguu, na shangazi anaacha vitunguu vyake juu ya meza, anakaa chini, anasema, "Anza mwanzo, sina haraka." Basi. Hiyo ndiyo sehemu niliyowafichia watoto wa mji huu. Niliwaachia msichana anayeogopa, nikawaachia msichana aliyehama shule, nikabana pale palipoonyesha kwamba mtu anaweza kuambiwa na akaamini.

Kesho yake nilitoa pini zote dukani, kitabu kwa kitabu. Kidole kilivuja damu. Baadhi ya wazazi wakavirudisha. Mzee mmoja wa kanisani alinirushia kimoja kaunta akasema nimekuwa mama wa kuharibu watoto. Nilikusanya vile vitabu nikavirudisha kwenye shelfu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewaambia watu methali hiyo maisha yangu yote, nikiwa nimeficha ya kwangu.

Sasa wewe unakwenda Kibondo, na watakukabidhi ufunguo wa chumba cha vitabu. Utaletewa vitabu vipya, vingine vizuri, vingine takataka, na lazima uchague. Usidhani nakwambia umpe kila mtoto kila kitu. Kipo kimoja humo kipya, cha kijana aliyefeli kidato cha nne na kuwadanganya wazazi mwaka mzima kwamba amefaulu. Kizuri mno, lakini wa darasa la tatu hakimhusu, na atakuambia mwenyewe kwa kusinzia. Chagua. Ila ukijikuta unaficha kitabu, jiulize kwanza nani anayeogopa, mtoto au wewe. Mimi sikujiuliza.

Na mwangalie mtoto anayerudia kitabu kimoja mara tatu, mara nne. Wenzako walimu watasema mpe kingine, huyo anakariri. Ngoja. Kaa naye karibu, usimkabe. Akikuuliza kitu cha ajabu kuhusu mtu wa kwenye hadithi, acha kusahihisha madaftari, acha hata kama mkaguzi yuko mlangoni. Anaweza kuwa anaulizia hadithi tu, na hapo hutapoteza chochote.

Nikikuwazia huko, usingizi unaruka. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, mgeni, chumba cha kupanga, hajui jirani ni nani. Mtu akikuonea, utamwambia nani? Nakujua, utanipigia simu Jumapili utasema "mimi mzima mama, huku poa tu," maana mimi ndiye niliyekufundisha kusema hivyo. Nikikuuliza kama unakula utasema unakula. Nitakaa hapa Bagara nimeshika simu, nikishukuru Mungu, na sitajua lolote. Hilo ndilo linalonitisha kuliko safari yenyewe: kwamba unaondoka kesho na kimya changu umekifungasha pamoja na nguo zako.

Nilipanga niiweke barua hii chini ya boksi, chini ya kitabu cha kijani, uikute huko mbali. Nimeshakwenda hadi kwenye boksi na kulegeza kamba. Nikafikiria utakavyoisoma peke yako kwenye chumba cha kupanga, bila mtu, na mimi huku nikiwa nimeshautua mzigo wangu na kukubebesha wewe. Nikarudi kukaa. Mwoga ni mwoga hata akiwa na kalamu.

Lina, alikufanya nini? Siulizi "hakukufanya kitu, eti". Nauliza alikufanya nini, na siku ile nilipokusukuma mlangoni kwake kilitokea nini, na ulikuwa unakuja dukani kuniambia nini. Na kama hakukutokea lolote, kama ulikuwa unaogopa tu ukawahi kukimbia, nataka kuijua hofu hiyo pia, yote. Sitasema nyamaza, baba yako atasikia. Sitasema mambo ya zamani hayo. Ukinikasirikia utakuwa na haki, na ukitaka kunipigia kelele mpaka majirani waje, acha waje, nimeshazoea kuwa mazungumzo ya mtaa. Ukisema hutaki kuniambia mimi, sawa, nitakusindikiza kwa mtu unayemtaka wewe, hata kama basi la kesho litatuacha. Utaripoti kazini siku inayofuata. Nitampigia mwalimu mkuu mimi mwenyewe.

Bajaji imesimama nje. Nakusikia unamshukuru dereva, na kuku wa bibi yako analia kwenye kapu. Lazima amekulazimisha uje naye, mkaidi yule. Unavua viatu.

Nimekuita. Umeitika "abee, mama."

Naja.